Uso unaochonyota na chunusi za ukubwani: punguza, usiongeze

Swali lililonifikia kutoka kwa msomaji wa Kisauni, Mombasa, linasema hivi:

"Assalaam alaykum, daktari. Nina miaka 34 na ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilipokuwa msichana sikusumbuliwa na chunusi, lakini kwa mwaka mmoja na nusu sasa zinanitoka kidevuni na kwenye taya, kubwa, zenye maumivu, na zikipoa huacha madoa meusi. Asubuhi naosha uso kwa sabuni ya dawa, napaka tona, kisha seramu ya vitamini C, kisha losheni. Usiku naosha kwa sabuni ileile, nasugua kwa skrabu, napaka asidi ya glaikoliki na juu yake tretinoini aliyoniletea binamu yangu, na nikiona uso umekauka napaka mafuta ya nazi. Kwa miezi mitatu nimeongeza krimu ya kopo niliyochanganyiwa dukani, ambayo wiki za mwanzo ilinisaidia sana. Sasa hata maji yananichonyota. Sina dawa nyingine ninayotumia isipokuwa sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu. Niongeze nini?"

Waalaykumu salaam, dada yangu. Umeuliza uongeze nini, na jibu langu ni kwamba usiongeze chochote. Nimevihesabu vitu unavyopaka, ni tisa, na kwa maoni yangu uso wako leo unasumbuliwa na vitu hivyo tisa kama unavyosumbuliwa na chunusi zenyewe, pengine zaidi. Sisemi hivi kwa kukulaumu. Kila kimoja ulikichukua kwa haja ya kweli, na waliokushauri walikuwa na nia njema, lakini hakuna hata mmoja wao aliyeiona orodha nzima.

Una matatizo mawili yaliyopandana. La kwanza ni chunusi, na la pili ni ngozi iliyojeruhiwa kwa kutibiwa kupita kiasi. Ukilitibu la kwanza huku la pili likiendelea, kila dawa itakuchoma, utaiacha kabla haijafanya kazi, na utatafuta nyingine. Ndiyo maana nakuomba tuanze na jeraha.

Fikiria ukuta wa nyumba ya Mji wa Kale, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na kushikanishwa kwa chokaa. Tabaka la juu kabisa la ngozi, ambalo ni jembamba kuliko karatasi ya daftari, limejengwa kwa namna hiyo: mawe ni seli zilizokwisha kufa na kukauka, na chokaa ni mafuta maalumu yanayotengenezwa na ngozi yenyewe, yakiwemo yale yaitwayo seramaidi. Ukuta ukiwa mzima, maji ya mwilini hayapotei ovyo na vitu vya nje haviingii kirahisi. Sabuni kali, skrabu na asidi huikwangua chokaa hiyo. Mawe hubaki, lakini katikati yake panakuwa na nyufa. Hapo ndipo losheni iliyokuwa ikikupendeza mwaka jana inapoanza kuchonyota, jasho linapowasha, na maji matupu yanapouma kama ulivyoeleza. Isitoshe, ngozi yenye afya ina uasidi mdogo, kipimo chake cha pH kikiwa baina ya 4.5 na 5.5 hivi, ilhali sabuni nyingi za kipande zina pH ya 9 au 10, yaani ni alkali, kinyume cha asidi. Kila unapojisugua kwa sabuni hiyo unaiondoa ngozi katika hali yake, nayo huhitaji saa kadhaa kurudi. Wewe huirudia asubuhi na usiku, kwa hiyo huipi nafasi ya kutosha.

Maji nayo yana neno. Hukunieleza kwenu mnatumia maji gani, lakini najua kwamba nyumba nyingi za upande huo hutegemea visima, na maji ya visima vya pwani mara nyingi huwa na chumvi na madini mengi. Utayatambua kwa sabuni: povu halitoki vizuri, na ukiisha kuosha unahisi utando unaonata kama hujasuuza. Utando huo ni sabuni iliyoshikana na madini, na kwa ngozi yenye nyufa ni kero ya kudumu. Huna haja ya kununua mtambo wa kuchujia. Mtungi mmoja wa maji matamu ya bomba, yale mnayonunua kwa ajili ya kunywa na kupikia, unatosha; tenga lita moja kwa siku kwa ajili ya uso wako peke yake.

Sasa kuhusu chunusi zenyewe, kwa ufupi. Chunusi si uchafu, na hakuna kiasi cha kusugua kitakachoziondoa. Huanzia ndani ya tundu la kinyweleo, ambamo tezi hutoa mafuta kwa amri ya homoni. Seli zinazopaswa kumwagika nje hugandamana na kuziba njia, bakteria aitwaye Cutibacterium acnes huzidi humo ndani, na mwili hupeleka majeshi yake, ndipo panapovimba na kuuma. Mlolongo huo huchukua wiki nyingi. Chunusi unayoiona kwenye kioo asubuhi ya leo ilianza kujijenga zamani, kwa hiyo dawa yoyote ya kweli haiwezi kuhukumiwa kwa siku tano. Haki yake ni wiki nane hadi kumi na mbili.

Kabla sijafika kwenye mpango wenyewe, lazima nizungumze juu ya lile kopo, kwa sababu ndilo lililonitia wasiwasi kuliko yote uliyoandika. Umesema limechanganywa dukani, na sidhani kama lina maandishi ya yaliyomo. Umesema wiki za mwanzo lilikusaidia sana. Katika chumba changu cha kuonea wagonjwa nimeisikia habari hiyo mara nyingi mno, na kwa kawaida huenda hivi: wiki ya kwanza uso hutulia na kung'aa, watu wakakusifu, mwezi wa pili unaona kwamba ukikosa kupaka siku mbili uso unapata moto na kuwasha, mwezi wa tatu vinatoka vipele vidogo vingi kuzunguka mdomo na kidevu, ukavidhania chunusi, ukaongeza krimu. Tabia hiyo ni ya steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe na muwasho kama betamethasoni au klobetasoli, ambazo zina kazi yake njema mkononi mwa daktari lakini zikipakwa usoni kwa miezi huifanya ngozi kuwa nyembamba, hutokeza mishipa, na zenyewe huzalisha chunusi. Makopo ya namna hii huweza pia kuwa na haidrokwinoni, ambayo ni dawa ya kung'arisha ngozi, au zebaki, ambazo haziruhusiwi katika vipodozi vinavyouzwa Kenya. Zebaki haiishii usoni. Hupenya hadi kwenye damu, hudhuru figo, na watoto wa nyumbani huweza kuipata kwa kutumia taulo moja na mama yao. Nchi nyingi zilikubaliana kuiondoa katika vipodozi kupitia Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, na bado inauzwa.

Siwezi kusema kwa yakini kilichomo ndani ya kopo lako kwa kusoma barua. Ila kwa kuwa umelitumia miezi mitatu, nakusihi uonwe na daktari wa ngozi ndani ya wiki hii. Kama ni steroidi, kuliacha ghafla huweza kuufanya uso uripuke kwa siku nyingi, uwe wa moto, uvimbe na kuwasha, na wengi wakifika hapo hurudi dukani kununua jingine. Daktari anaweza kupanga namna ya kulitoka na kukupa dawa isiyo steroidi ya kukuvusha kipindi hicho. Usiliendeleze kwa kuogopa, wala usijitie ushujaa wa kuvumilia peke yako.

Vitu vingine vinane, saba uviweke kando tangu usiku wa leo: sabuni ya dawa, tona, seramu ya vitamini C, skrabu, asidi ya glaikoliki, tretinoini na mafuta ya nazi. Si lazima uvitupe vyote, maana tretinoini hasa, dawa ya chunusi ya jamii ya vitamini A, ni nzuri na huenda tukairudia. Losheni inabaki ikiwa haina manukato. Ikiwa inanukia, nayo ipumzike. Utabaki na vitu vitatu, yaani kisafishio laini, losheni na krimu ya kinga ya jua, na utaishi navyo kwa wiki nne, au sita ikiwa uchungu haujaisha.

Asubuhi osha uso kwa maji tu. Wengi hushtuka wakisikia hivi, lakini ulilala juu ya mto, hukulala vumbini, na mafuta kidogo yaliyojitokeza usiku ndiyo hasa ile chokaa tunayotaka ibaki. Ukausho uwe wa kugusagusa kwa taulo lako mwenyewe, si kufuta. Uso ukiwa bado una unyevu, paka losheni, na kabla ya kutoka paka kinga ya jua. Usiku tumia kisafishio cha majimaji kisicho na harufu, kile ambacho kwa kawaida huandikwa kuwa ni cha ngozi nyepesi kudhurika au chenye pH inayolingana na ya ngozi. Tia kiasi cha ncha ya kidole kiganjani, lainisha kwa maji, pitisha vidole usoni kwa nusu dakika bila kukandamiza, suuza vizuri hasa kwenye mstari wa nywele na chini ya taya, kisha losheni. Basi. Maji yawe ya kawaida, yasiwe ya moto.

Wagonjwa wangu wa Mombasa huniuliza: kwa joto hili na jasho hili, losheni ya nini tena? Swali ni la haki, hasa wakati wa kaskazi. Jasho ni maji na chumvi; halizibi nyufa, na likikauka juu ya ngozi iliyojeruhiwa huichonyota zaidi. Ngozi inaweza kung'aa kwa mafuta na wakati huohuo ikawa imekosa maji ndani. Kinachofaa huku kwetu ni losheni nyepesi ya majimaji au ya jeli, yenye gilisirini, na ikiwezekana yenye seramaidi au niasinamaidi, ambayo ni aina ya vitamini B3. Bei haisemi kitu. Gilisirini ni kitu rahisi, na chupa ya bei nafuu isiyo na manukato inashinda chupa ya kioo yenye harufu ya waridi. Mahali palipobanduka, kama pembeni mwa pua, utando mwembamba sana wa vaselini usiku unatosha, nayo vaselini haizibi matundu kama wengi wanavyohofia. Mafuta ya nazi ni habari nyingine: kwa mwili na nywele sina ugomvi nayo, lakini kwa watu wenye mwelekeo wa chunusi huweza kuziba matundu ya uso. Hata mafuta ya nywele huteremka, kwa hiyo vipele vikianza kwenye paji la uso na panda zake, angalia kwanza unapaka nini kichwani.

Kila kitu kipya, hata kama nimekutajia mimi, kijaribiwe kwanza upande wa ndani wa kiwiko, mara mbili kwa siku, siku saba. Pakiwa salama, ndipo kipakwe usoni.

Kinga ya jua nisingependa uione kama anasa. Tuko kwenye latitudo ya 4 hivi kusini mwa ikweta, na jua letu ni kali mwaka mzima. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili dhidi ya kuungua, lakini inapopona chunusi huzalisha rangi nyingi mahali palipokuwa na jeraha, na jua huikoleza rangi hiyo. Madoa yako yanatokana na hilo; si makovu na si uchafu. Chagua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kinga ya jua) 30 au zaidi, na kipimo chake kiwe mistari miwili, mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye cha kati, kwa uso na shingo. Ukipata yenye rangi inayokaribia ya ngozi yako ni bora zaidi, kwa sababu oksaidi ya chuma inayoipa rangi huzuia pia mwanga wa kawaida, ambao nao hukoleza madoa. Ikiwa inakuchonyota, itafute yenye oksaidi ya zinki. Mtandio ulioletwa mbele kidogo na mwavuli wakati wa kuwavusha watoto barabara navyo ni dawa.

Ukifika wiki ya nne au ya sita, na maji hayachonyoti tena, tutaanza kutibu chunusi kwa dawa moja tu. Chaguo langu kwako ni asidi ya azelaiki, ya asilimia 15 au 20, kwa sababu inatibu chunusi, inapunguza madoa, na hata mwanamke akishika mimba inaweza kuendelea kutumika. Anza usiku mmoja na kuacha usiku mmoja, juu ya losheni. Siku za kwanza huweza kuwasha kidogo, lakini ikichoma, punguza. Ukiikosa, kuna benzoili peroksaidi. Usidanganyike na tarakimu kubwa: ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa na ya 5 au 10, na haichubui sana kama hizo. Ukiipata ya 5 tu katika maduka ya dawa, ipake kwa dakika chache kisha isuuze. Jihadhari na nguo, kwa sababu hung'oa rangi. Nimeona mito ya hudhurungi iliyotoka mabaka meupe, na buibui jeusi lililoingia madoa ya rangi ya kutu shingoni. Tretinoini ya binamu yako ningeiacha hadi mwezi wa nne, na iwe tu ikiwa huna nia ya kushika mimba. Hapo itapakwa mara mbili kwa wiki, kiasi cha punje moja ya mbaazi kwa uso mzima, juu ya uso uliokauka kabisa. Umeandika kwamba unaitumia kila usiku pamoja na asidi. Uso wowote ungelia.

Antibayotiki za kumeza usijinunulie. Zikitumika peke yake na kwa muda mrefu huwafundisha bakteria usugu, na chunusi hurudi.

Sindano uliyoitaja mwishoni, kana kwamba haihusiki, huenda inahusika. Njia za uzazi wa mpango zenye homoni ya projestini peke yake, yaani sindano ya miezi mitatu na kijiti cha mkononi, huwazidishia chunusi baadhi ya wanawake. Angalia kadi yako ya kliniki uone uliichoma mara ya kwanza lini, kisha ulinganishe na mwezi chunusi zilipoanza. Zikikaribiana, zungumza na mhudumu wako kabla ya tarehe ya sindano inayofuata, usiiache kimyakimya ukabaki bila kinga. Vidonge vyenye homoni mbili mara nyingi huzipunguza chunusi, ila havimfai mwenye shinikizo la damu, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona mimeto, wala mvutaji sigara wa umri wa miaka 35 au zaidi. Na kabla ya sindano, ikiwa hedhi zako zilikuwa zikiruka miezi, au unaota ndevu kidevuni, mwambie daktari, kwa sababu huenda ukahitaji kupimwa homoni.

Mambo madogo madogo nayo yana uzito wake. Mwalimu akisahihisha madaftari huegemeza kidevu kiganjani kwa saa nzima, jichunguze. Nikabu au mtandio unaogusa taya ufuliwe kila siku kwa sabuni isiyo na manukato. Kuhusu chakula, ushahidi uliopo unaelekeza zaidi kwenye vitu vya sukari na wanga mweupe kwa wingi, kwa hiyo soda mbili kwa siku zipunguze, lakini sikukatazi mahamri yako ya asubuhi. Na ukiona vipele vya saizi moja vinavyowasha sana kwenye paji la uso na kifuani, hiyo huenda ikawa harara au ukungu wa vinyweleo, ambavyo mji wenye unyevu kama huu huvipenda. Dawa yake ni tofauti kabisa.

Najua mtu atakuletea liwa, manjano au ndimu, basi nami niseme mapema. Ndimu hapana kamwe: ni asidi kali, na ikikutana na jua huunguza ngozi na kuacha weusi wa miezi. Dawa ya meno hapana vilevile. Liwa ina heshima yake. Namkumbuka nyanya yangu akisugua kipande cha msandali juu ya jiwe kwa matone ya marashi, mizunguko michache tu, akajipaka baada ya alasiri na kuiosha kabla ya magharibi. Uso wake ulikuwa mzuri hadi uzeeni, lakini nyanya alikuwa na kitu kimoja, si tisa, na ngozi yake ilikuwa nzima. Kwa sasa harufu yoyote, hata ya msandali, ni mzigo kwa uso wako. Ukishapona, jaribu kwenye kiwiko kwanza.

Nikueleze utakayoyaona ili usivunjike moyo. Wiki mbili za mwanzo uchonyotaji utapungua, lakini chunusi zinaweza kuonekana zimezidi, kwa sababu zilizokwisha kujijenga zitatoka tu. Usizikamue, chunusi iliyokamuliwa huacha doa lenye umri mrefu kuliko yenyewe. Madoa ya hudhurungi huchukua miezi sita hadi mwaka kufifia, na yale yenye rangi ya kijivu huchukua zaidi. Jipige picha mara moja kila wiki mbili, dirisha lilelile, saa ileile ya asubuhi, na kati ya picha na picha usikitazame kioo kwa karibu. Yakitokea mavimbe ya ndani yenye maumivu makali, makovu yenye mashimo, au uso ukivimba na kutoa maji, usingoje wiki ya nne.

Utakapokwenda kwa daktari wiki hii, vifunge vitu vyote tisa katika mfuko mmoja uende navyo, pamoja na kadi yako ya sindano. Kopo lile usilitupe wala usilisafishe, hata kama limebaki kidogo ukingoni, kwa sababu hicho kidogo ndicho daktari atakachotaka kukiona.